MWACHENI MAJI MOTO NA MAJI YAKE

Mhariri, naomba unipe nafasi katika jarida la chama chetu nitoe dukuduku lililonikaa rohoni tangu muhula uliopita. Najua wako watakaonuna. Wako pia watakaosema nimehongwa. Potelea mbali, heri ninuniwe nikiwa nimesema.

Wanafunzi wenzangu, Maji Moto mnamjua. Jina lake la ubatizo silitaji hapa kwa sababu mwenyewe aliniomba nisilitaje, na sidhani kuna anayelikumbuka isipokuwa walimu wanapoita majina. Kengele ya saa nne ikilia, sisi sote hutimua mbio hadi bwaloni na vikombe vyetu kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Yeye huja polepole. Humpita mpishi wa chai, akaenda kwenye sufuria ya pembeni, akachota maji ya moto, basi. Akipata andazi, hulila kwa maji. Jina likazaliwa hapo na halijafa.

Tulipokuwa kidato cha kwanza kiranja wa bwalo wa wakati huo alimwandika jina, akidhani anachochea mgomo. Shule za humu nchini tunazijua: mmoja akisusia chai leo, kesho mnasikia godoro linanuka moshi. Alipofikishwa kwa mwalimu wa zamu alisema, "Mwalimu, katika kanisa letu hatunywi chai." Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi. "Kanisa gani hilo, Kenya hii, lisilonywa chai?"

Kanisa lenyewe ni la Wamormoni. Jina lao kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na mwaka 2018 rais wa kanisa lao wakati huo, Russell M. Nelson, aliwasihi watu waache lile la utani na kutumia hili. Maji Moto atanisamehe, maana nikiliandika kila mara mhariri atanikata nusu ya makala. Lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York, Marekani, mwaka 1830. Mwaka 1833 huko Kirtland, Ohio, alitangaza agizo wanaloliita Neno la Hekima. Inasimuliwa kwamba wanaume walikuwa wakikutana kwake kusoma dini huku wakivuta na kutafuna tumbaku na kutema mate ovyo, na mkewe, Emma, alichoka kusugua sakafu ile. Nani angemlaumu? Agizo likakataza tumbaku, pombe na vinywaji vya moto, na viongozi wakaeleza kwamba vinywaji hivyo ni chai na kahawa.

Bila shaka jamaa mmoja wa bweni letu aliruka juu: "Kwani maji ya moto si kinywaji cha moto?" Maji Moto alicheka kuliko sisi sote. Akatuambia ni majani ya chai yanayokatazwa, wala si joto. Kakao wanakunywa. Uji wanakunywa. Mchaichai nao ruksa.

Huo mchaichai niliuona kwa macho yangu. Likizo ya Agosti nilifuatana naye hadi kwa nyanya yake huko Nyamira. Jamani, nilipofika nilipigwa na butwaa: mbele chai, nyuma chai, chai mpaka mlangoni pa jikoni! Nyanya si Mmormoni. Ni mama wa Kiadventista asiyekosa Sabato, lakini anakunywa chai yake ya maziwa kama Wakenya wengine. Alitumiminia vikombe viwili vilivyojaa, mvuke unapanda. Mwenzangu akasema kwa adabu, "Nyanya, mimi nitashukuru nikipata maziwa matupu."

Kimya. Mzee wa watu aliweka birika chini, akamtazama.

"Majani haya ndiyo yanayokulipia karo," alisema. "Bonasi ikija, wa kwanza kukumbukwa ni wewe. Leo waniambia hayafai kinywani mwako?"

Nikatamani ardhi ipasuke. Mimi ningekunywa tu, nikatubu Jumapili. Maji Moto hakubishana. Aliinuka, akaenda nyuma ya jiko, akakata mchaichai, akauchemsha kwa maziwa, akamletea nyanya kikombe kabla ya kujimiminia chake. Nyanya alionja, akakunja uso. "Hizi ni nyasi." Lakini alikunywa akamaliza. Kesho yake saa kumi na mbili alfajiri Maji Moto alikuwa shambani, kikapu mgongoni, akichuma yale majani mawili na chipukizi, na alinishinda kilo nyingi hata sitaki kuzitaja. Kuchuma hakukatazwi. Nilipomuuliza haoni kama ni kichekesho kuchuma usichokunywa, alisema nyanya pia hufuga paka wala hamli.

Sasa nije kwenye kilichoniuma.

Muhula uliopita Umoja wa Wakristo wa shule yetu ulifanya uchaguzi. Mtu alimpendekeza Maji Moto awe mweka hazina. Akaungwa mkono. Kabla ya mikono kuhesabiwa, ndugu mmoja alisimama nyuma na kusema kwamba kanisa hilo ni la waabudu shetani, kwamba lilitajwa hata na serikali, na kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ukumbi ukavuma kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Jina likafutwa ubaoni hata bila kura. Maji Moto alikuwa amekaa safu ya tatu. Hakusema neno. Alichukua Biblia yake akatoka.

Mimi nilikuwa pale. Kitanda changu na chake ni kimoja, mimi juu yeye chini, tangu kidato cha kwanza. Niliinamisha kichwa nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilivaa ndara siku hiyo.

Kwa hivyo haya ninayoyaandika nilipaswa kuyasema siku ile kwa mdomo.

Kwanza hilo la serikali. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, na ripoti yake ikafika bungeni mwaka 1999. Ni kweli Wamormoni walitajwa humo, pamoja na Mashahidi wa Yehova na wengineo. Lakini sikilizeni kilichodaiwa: kwamba waabudu shetani wamejipenyeza katika makundi hayo. Kudai kwamba mwizi ameingia nyumbani mwa mtu si sawa na kumwita mwenye nyumba mwizi. Ndugu yetu aliruka kutoka hili hadi lile bila hata kugusa ardhi. Tena kanisa hilo liliandikishwa kisheria humu nchini mwaka 1991. Hekalu lao la Nairobi lilipomalizika mwaka 2025, kabla ya kuwekwa wakfu mwezi Mei milango ilifunguliwa kwa yeyote aliyetaka kuingia na kutazama. Baada ya kuwekwa wakfu ni kweli huingia waumini wenye kibali tu, na najua ndipo watu wanapoanza kunong'ona. Lakini hata chumba cha walimu hatuingii, na hatujasema mle ndani kunachinjwa watu. (Samahani, Mwalimu.)

Uvumi wa namna hii umewahi kuua. Mwaka 1838 gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe katika jimbo lake. Siku chache baadaye watu 17 waliuawa kwenye kinu kimoja huko. Amri ile ilikaa kwenye makaratasi hadi mwaka 1976 ndipo ikafutwa rasmi. Joseph Smith mwenyewe aliuawa na kundi la watu akiwa jela mjini Carthage, Illinois, mwaka 1844, mwaka uleule aliokuwa akigombea urais wa Marekani. Wafuasi wake wengi wakahama na Brigham Young, wakafika bonde la Salt Lake mwaka 1847, mahali ambapo leo ni Utah.

Nisiwafanye malaika. Septemba 1857, wakiwa wamejaa hofu kwamba jeshi la serikali linakuja kuwamaliza, Wamormoni wa kusini mwa Utah waliwaua wasafiri wapatao 120 waliokuwa wakipita kwenda California, wanawake na watoto wakiwemo. Hao wasafiri nao walikuwa wamesemwa vibaya kwanza. Nilipomtajia Maji Moto habari hii nilitarajia akane. Alisema anaijua, na kwamba baba yake ndiye aliyemsimulia.

Sasa, kuhusu mafundisho, mimi ni Mwanglikana na nitabaki Mwanglikana. Wao wana Kitabu cha Mormoni pamoja na Biblia, nasi hatuna. Kuhusu Utatu hatusemi lugha moja. Mwaka 2001 Vatikani iliamua kwamba ubatizo wao hauhesabiwi kuwa ubatizo, na wao vilevile hawauhesabu wetu: ukijiunga nao unabatizwa upya. Hizo ni tofauti kubwa, si za kufichwa chini ya mkeka. Kama Umoja wetu ungekaa chini, ukasoma katiba yake, ukasema kwa upole, "Ndugu, mafundisho yako na yetu yameachana mno, hatuwezi kukupa uongozi," ningehuzunika lakini ningeelewa. Hayo hayakufanyika. Mtu aliitwa mwana wa shetani mbele ya wanafunzi zaidi ya mia moja, na sisi tuliomjua tukatazama viatu.

Halafu wale wanaomuuliza baba yake ana wake wangapi! Kanisa lao lilitangaza kuachana na mitara mwaka 1890, na leo Mmormoni wa kanisa hilo akioa mke wa pili anafukuzwa. Wanaocheka ni nani? Ni sisi, ambao sheria yetu ya ndoa ya 2014 inaruhusu mitara kwa wanaofuata mila au Uislamu, na ambao babu zetu... wacha niishie hapo, babu yangu husoma jarida hili.

Tena jambo lenyewe lilikuwa kuchagua mweka hazina! Hebu tufikiri kidogo. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi Wamormoni hufunga, wakaacha milo miwili, na fedha ambayo wangeitumia kwa chakula hicho huitoa kwa ajili ya maskini. Hapa shuleni chakula chetu kimekwisha kulipiwa, kwa hiyo Maji Moto huhesabu kwa kukisia, akatoa katika pesa zake za mfukoni, akazitia kwenye kibati cha dawa ya viatu mpaka likizo. Kibati hicho kiko chini ya kitanda chetu, hakina kufuli. Siku moja nilimwomba anikopeshe kutoka humo ninunue sabuni. Alinipa sabuni yake, akakataa kunikopesha. Wenzetu Waislamu ndio waliomwelewa kwanza, na nyakati za Ramadhani ndiko hukaa wakati wa chakula cha mchana, nje chini ya mti, wakizungumzia mpira. Mtu wa namna hii tukamnyima funguo za sanduku la Umoja, tukampa mwingine. Hesabu za muhula uliopita zilivyosomwa, kila mmoja alizisikia. Sisemi zaidi.

Nije kwenye siasa, maana hapo napo kuna waliosema watu hawa huamriwa kutoka Marekani namna ya kufikiri. Mtakumbuka mjadala wa chama chetu kuhusu kupiga kura ya suti, yaani kumchagua rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wa wadi wote wa chama kimoja, vipande sita vya kitambaa kimoja. Maji Moto alikuwa upande wa kupinga. Alituambia kwamba Juni 2023 wakuu wa kanisa lake waliwaandikia waumini wa Marekani barua wakisema kupigia chama kimoja tu, au kwa mazoea, bila kuwachunguza wagombea, ni hatari kwa demokrasia. Mkumbuke barua hiyo ilifika Utah, ambako mgombea urais wa chama cha Democratic hajashinda tangu mwaka 1964! Ni kama kuwaandikia watu wa... basi, kila mtu ajaze pengo kwa eneo analolijua.

Na kweli hawafikiri kwa kichwa kimoja. Harry Reid, aliyeongoza Wademokrati walio wengi katika Seneti kuanzia 2007 hadi 2015, alikuwa Mmormoni. Mitt Romney, mgombea urais wa Republican mwaka 2012, ni Mmormoni. Tarehe 5 Februari 2020 Romney alipiga kura Rais Trump aondolewe, naye alikuwa rais wa chama chake mwenyewe, akaeleza kwamba alikuwa amekula kiapo mbele ya Mungu. Hakuna seneta aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Siku iyo hiyo seneta mwenzake wa Utah, Mike Lee, Mmormoni vilevile, alipiga kura ya kumwachilia. Kanisa moja, jimbo moja, chama kimoja, kura mbili tofauti.

Hapo nilimbana kidogo. Nilimwambia kanisa lake halikai pembeni siku zote, maana mwaka 2008 viongozi waliwataka waumini wa California watoe muda na fedha kwa kampeni ya kura kuhusu ndoa. Akakiri. Akasema viongozi wakiona jambo ni la maadili husema, lakini hawataji mgombea. Mimi bado naona mpaka huo ni mwembamba. Makanisa yetu lakini hata mpaka hayana. Ikifika mwaka wa uchaguzi, mwanasiasa hupewa kipaza sauti madhabahuni kabla ya sadaka kukusanywa. Mwaka 2027 wengine wetu tutakuwa tumefikisha miaka 18.

Liko swali moja nililomuuliza usiku taa zikiwa zimezimwa, kwa sababu mchana niliona haya. Tangu mwaka 1852 kanisa lake liliwanyima watu weusi ukuhani, na halikuubadili msimamo huo hadi Juni 1978. Nikamuuliza, "Wewe Mwafrika, tena mjukuu wa mkulima wa Nyamira, unakaaje humo?"

Alinyamaza muda mrefu nikadhani amelala. Kisha akasema, "Hata mimi nilimuuliza Baba."

"Akasema nini?"

"Alisema si kila kitu cha jana anaweza kukieleza. Alisema angeingia akaambiwa akae nyuma, angetoka."

Baba yake ni askofu wa kata yao Nairobi. Kwao askofu halipwi wala havai joho, ni mtu wa kawaida aliyepewa mzigo kwa miaka kadhaa. Jumatatu usiku huzima runinga, wakakaa na watoto, wakaimba, wakagombana kidogo, wakala ndizi. Nimeshuhudia. Na huyo Joseph Sitati, Mkenya aliyebatizwa mwaka 1986 wakati waumini wao nchini wakiwa wachache mno, aliitwa mwaka 2009 kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza katika viongozi wakuu wa kanisa hilo duniani. Haya yote nimeyaweka kwenye mizani. Jibu la baba yake bado halinitoshi, na nilimwambia hivyo Maji Moto. Alisema usiku mwingine nalo halimtoshi. Ila sijui ni wangapi katika ule ukumbi wanaoweza kuulizwa swali gumu kuhusu kanisa lao gizani wasigeuke upande wa ukuta.

Mweka hazina aliyechaguliwa siku ile amehama shule, na nafasi yake itajazwa wiki ya pili ya muhula ujao. Namwomba mlezi wa Umoja aiweke katiba mezani kabla ya mkutano ili isomwe. Nami nitasimama nitaje jina la Maji Moto, lile la ubatizo, kwa sauti. Mwenye swali la mafundisho na amwulize hapo hapo, atajibiwa. Ndugu yangu uliyesimama nyuma siku ile, nawe ninakuomba uje, ukae mbele.

Juzi saa nne nilimweleza mwenyewe mpango huu. Alinitazama kwa muda, akauliza kama safari hii nitavaa viatu vya kamba au ndara. Kisha akasema, "Tutaona, bwana," akachukua kikombe chake akaenda kuchota maji.